Nani aliizima treni ya Voi na Moshi?

Juma hili nimepokea swali kutoka kwa msikilizaji wetu wa Himo, mkoani Kilimanjaro. Anauliza hivi: kwa nini ukivuka mpaka pale Holili na kuingia Taveta unaikuta reli, lakini treni huikuti? Anasema wanawe walimuuliza swali hilo siku ya gulio la Taveta, naye hakuwa na jibu la kuwapa. Nimeona si swali la kujibiwa kwa maneno mawili. Ndani yake imo habari nzima ya sisi watu wa Afrika Mashariki: jinsi tulivyounganishwa na wageni kwa sababu zao, tukaungana wenyewe kwa sababu zetu, kisha tukatengana kwa sababu ambazo hadi leo tunazitaja kwa sauti ya chini.

Tuanze na asili yake. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikapita Korogwe na Mombo, ikaingia Moshi mwaka 1911. Waingereza nao walianza yao Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali panapoitwa leo Nairobi mwaka 1899, na mwisho wa mwaka 1901 ikaligusa Ziwa Victoria pale Kisumu. Katika kazi hiyo ya Waingereza waliletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla ya kazi kwisha. Basi zikawapo reli mbili, kila moja imetoka baharini na kuelekea bara, kila moja na bwana wake. Hazikuamkiana.

Kilichozikutanisha hakikuwa biashara wala undugu. Ni vita. Agosti 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, askari wa Kijerumani waliuteka mji wa Taveta, wakawa wanapenya porini kwenda kuilipua reli ya Uganda. Waingereza wakaona hawawezi kuwafuata huku wakibeba maji na risasi vichwani mwa watu peke yake. Mwaka 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi, ikapita Mwatate na Bura, ikafika Maktau. Mwaka 1916, baada ya mapigano ya Salaita na Latema, reli ikasukumwa haraka haraka kupita Taveta, ikaunganishwa na ile ya Wajerumani pale Kahe, kusini ya mji wa Moshi. Umbali wa kutoka Voi hadi Kahe ni kama kilomita 150.

Kwa hiyo, msikilizaji, reli hii haikujengwa ili mtu wa Marangu akamwone shemeji yake Mwatate. Ilijengwa kubeba mizinga. Na kule ambako reli haikufika, mizigo ilibebwa na wale wapagazi wa vita ambao jina la kikosi chao limebaki katika miji yetu miwili: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Walikufa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Nalitaja hili kwa sababu tunapoiita reli hiyo urithi wa mkoloni, inafaa tukumbuke kwamba mifupa iliyo chini ya urithi huo ni ya babu zetu.

Vita vikaisha, Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza, na reli ya vita ikabaki. Hapo wafanyabiashara wa Tanga wakaanza kuitazama kwa jicho baya, na walikuwa na hoja. Kutoka Moshi hadi Tanga kwa reli ni takriban kilomita 350. Kutoka Moshi kwenda Mombasa kupitia Voi ni karibu umbali ule ule. Kahawa ya Kilimanjaro na mkonge wa tambarare zake vingeweza kwenda bandari hii au ile, na Mombasa ilikuwa na meli nyingi zaidi. Kwa hiyo hata enzi za bwana mmoja, ugomvi wa bandari na bandari ulikuwapo. Tusidanganyane kwamba tulianza kugombana baada ya uhuru.

Mwaka 1929 reli ilifika Arusha. Mwaka 1948 Waingereza waliunganisha reli ya Kenya na Uganda pamoja na ile ya Tanganyika, wakaunda shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, makao makuu yakiwa Nairobi. Lakini kiungo kimoja kilikuwa bado kinakosekana, kwa sababu reli ya kati, ile itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma na Mwanza, haikuwa imeshikana na reli ya Tanga. Kiungo hicho, cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi karibu na Korogwe, urefu wa kilomita 188, kilifunguliwa mwaka 1963.

Uzingatie mwaka huo. Ni mwaka ambao Mwalimu Nyerere, Mzee Kenyatta na Dakta Obote walikutana Nairobi mwezi Juni na kutangaza nia ya kuunda shirikisho la nchi zetu tatu. Shirikisho halikuzaliwa. Reli ilizaliwa. Tangu siku ile behewa la mizigo liliweza kuondoka Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, likapita Tabora, Morogoro, Ruvu, Korogwe, Kahe, Taveta, Voi, Nairobi, Nakuru, Tororo, Kampala, hadi Kasese chini ya milima ya Ruwenzori, bila gunia hata moja kushushwa na kupakiwa upya. Njia ilikuwa ya upana mmoja, mita moja. Tiketi ilikuwa ya shirika moja. Hadi mwaka 1966, hata shilingi ya kuilipia ilikuwa moja.

Mimi nilizaliwa katika miaka ambayo mpaka ulikuwa umefungwa, kwa hiyo sikuipanda treni hiyo. Lakini nimezungumza na wastaafu wa reli wa pande zote mbili, na jambo linalonishangaza ni kwamba hawaanzi kamwe na habari za siasa. Wanaanza na majina ya stesheni. Watakuhesabia kama mtu anayesoma tasbihi: Voi, Mwatate, Bura, Maktau, Taveta, Kahe, Moshi. Watakueleza jinsi ndizi za Taveta zilivyokuwa zikipakiwa kwenda pwani, na jinsi wanafunzi walivyojazana daraja la tatu shule zilipofungwa. Watakueleza kwamba kijana aliyezaliwa Kisumu aliweza kupangiwa kazi Tabora, wa Tabora akapelekwa Nakuru, na wote wakaishi katika nyumba za reli zilizofanana hata rangi, wakisemezana Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya kuwakutanisha. Wataalamu wa lugha husifu vitabu na redio kwa kukieneza Kiswahili. Mimi, mtu wa redio, nakiri kwamba reli ilitutangulia.

Hata vichwa vya treni vilibeba undugu huo. Katika miaka ya 1955 na 1956 shirika lilinunua kutoka Manchester, Uingereza, vichwa 34 vya moshi vya aina ya Garratt, kila kimoja na uzito wa zaidi ya tani 250. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Viwili kati ya hivyo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la reli mjini Nairobi: kimoja ni "Mount Gelai", kingine ni "Mount Shengena". Gelai iko mkoani Arusha, Shengena iko Upare. Kwa hiyo katika mgawanyo wa mali za Jumuiya, milima yetu miwili ilibaki Nairobi, na meli ya MV Victoria, iliyounganishwa Kisumu, ikabaki Mwanza. Waliogawana hawakukosa akili ya utani.

Sasa tufike kwenye msiba wenyewe. Watu wengi husema treni iliuawa na kufungwa kwa mpaka mwaka 1977. Ni kweli, lakini mgonjwa alikuwa kitandani siku nyingi.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala mwezi Juni 1967, ukaanza kazi Desemba mosi mwaka huo. Ili kila nchi ipate chake, makao yakagawanywa: sekretarieti Arusha, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege Nairobi. Juu ya wote walikaa marais watatu, na mambo makubwa hayakuweza kuamuliwa bila wao. Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote. Mwalimu Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin, na tangu hapo marais watatu hawakukutana tena kama mamlaka ya Jumuiya. Fikiria shirika lenye maelfu ya wafanyakazi, meli, karakana na madeni ya nje, ambalo wenye kauli ya mwisho juu yake hawasalimiani.

Pili ni fedha. Nchi tatu sasa zilikuwa na sarafu tatu, na kila serikali ilikuwa imeweka kufuli kwenye fedha za kigeni. Mapato yaliyokusanywa Dar es Salaam au Kampala yalitakiwa yapelekwe makao makuu Nairobi ili yalipe madeni na vipuri. Yakaanza kuchelewa, kisha yakasimama, na Kenya nayo ikalalamika kwamba inabeba mzigo wa wote. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda duniani kote, na kila gharama ikapanda nayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, tena kubwa, lakini kila mmoja alikuwa akisoma ukurasa wake.

Tatu, njia zilikuwa zimeachana. Kenya ilifuata njia ya soko na mitaji, Tanzania ilifuata Ujamaa na Kujitegemea. Tanzania ilikuwa imegeuza uso kusini, ikijenga na Zambia na China reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ili kuwasaidia ndugu zetu waliokuwa wakibanwa na makaburu. Kukazuka ugomvi wa malori mazito ya Kenya yaliyopita barabara za Tanzania kwenda Zambia, na Tanzania ikayazuia. Kila upande ulikuwa na hoja ya kusema. Hakuna aliyekuwa na subira ya kusikiliza.

Mapema mwaka 1977 shirika la ndege likasambaratika. Tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mwisho wa mwezi Juni bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na Julai mosi Jumuiya ikawa imekwisha. Shirika moja la reli likawa matatu, la Kenya, la Tanzania na la Uganda. Kila nchi ilishika kilichokuwa ndani ya mipaka yake siku ile: kichwa cha treni kilicholala Nairobi kikawa cha Kenya, behewa lililokuwa Moshi likawa la Tanzania. Na karakana kubwa, ambayo vichwa vya nchi zote vilipelekwa kutengenezwa, ilikuwa Nairobi. Kati ya Voi na Moshi ikawa kimya.

Mpaka ulifungwa karibu miaka saba. Wataveta wana ndugu upande wa pili, Wachaga na Wapare wana wakwe upande wa kwanza. Kuna waliozika wazazi kwa kusikia habari tu, na kuna waliojifunza njia za panya kwa ajili ya matanga. Ni mambo ambayo hayakuandikwa katika taarifa yoyote ya mkutano.

Hiki kilikuwa kifo cha kwanza cha treni yetu, na hiki tunakijua. Ninachotaka tukitazame vizuri ni kifo cha pili.

Novemba 1983 viongozi walikutana Arusha, wakakubaliana, mpaka ukafunguliwa. Mei 1984 ukatiwa saini mkataba wa kugawana mali na madeni, uliosimamiwa kwa miaka mingi na msuluhishi Victor Umbricht wa Uswisi: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Ugomvi ulikuwa umekwisha. Watu walivuka, mabasi yalivuka, vitenge na sabuni vilivuka. Treni nayo ilirudi, lakini kwa kuchechemea. Haikupata tena hadhi iliyokuwa nayo, na mwishowe ikafa. Katika miaka ya 1990 hata treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi ilisimama. Safari hii hakukuwa na Amin, hakukuwa na mpaka uliofungwa, hakukuwa na rais wa kulaumiwa. Basi nani aliizima?

Jibu langu ni hili. Reli ya Voi hadi Kahe ilikuwa na thamani kwa sababu ilikuwa katikati. Ilikuwa kiwiko cha mkono mmoja mrefu uliotoka Kigoma hadi Kasese. Ulipougawa mkono huo mara tatu, kiwiko kikawa ncha mbili. Kwa shirika la Kenya, Taveta ikawa mwisho wa tawi dogo lisilo na faida, kwa sababu fedha yao iko njia kuu ya Mombasa na Malaba. Kwa shirika la Tanzania, Moshi na Arusha zikawa mwisho wa tawi lao, kwa sababu fedha yao iko reli ya kati. Meneja wa Nairobi akiangalia hesabu zake anaona hasara, meneja wa Dar es Salaam naye anaona hasara, na wote wawili wanasema kweli. Faida ilikuwa katika kuungana, na hakuna daftari lililobaki la kuandika faida ya kuungana. Ndiyo maana nasema kifo cha pili ni kibaya kuliko cha kwanza. Cha kwanza kililetwa na hasira, na hasira huisha. Cha pili kililetwa na mazoea, na mazoea hayaishi yenyewe.

Wako waliolipa gharama ya yote haya kwa miili yao. Wafanyakazi wa Jumuiya ya zamani walitumikia reli, bandari, posta na ndege wakiamini kwamba kiinua mgongo chao kiko salama. Jumuiya ilipokufa walibaki wakizunguka ofisi hadi ofisi. Hapa Tanzania walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, na mwaka 2005 yakafikiwa mapatano ya malipo, miaka 28 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya. Hata baada ya hapo wako waliosema hawakupata haki yao kamili. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, na wajane ndio waliosimama foleni. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na nyasi za hapa zilikuwa na majina na namba za kazi.

Je, leo tumejifunza? Jumuiya mpya ilitiwa saini Arusha Novemba 30, 1999, na imekua hadi kupita mipaka ya ile ya kwanza. Kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kilifunguliwa mwaka 2016, na barabara ya lami imefika. Mwaka 2019 treni ya abiria ilirudi Moshi kutoka Dar es Salaam, na mwaka 2020 ikaingia Arusha, watu wakashangilia njiani kama wanampokea bwana harusi. Hayo ni mema, na anayestahili sifa apewe.

Lakini tazama ramani. Mwaka 2017 Kenya ilizindua reli yake ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, nayo inapita Voi. Mwaka 2024 Tanzania ilianza kusafirisha abiria katika reli yake ya kisasa ya umeme kutoka Dar es Salaam, kwanza hadi Morogoro, kisha Dodoma. Ni kazi kubwa, na kila mwananchi ana haki ya kujivunia. Hata hivyo reli hizo mbili zimerudi kuwa kama zile za Mjerumani na Mwingereza: kila moja imetoka baharini na kuelekea bara, kila moja na bendera yake, hazijaamkiana. Bahati nzuri upana wake ni mmoja, milimita 1,435. Bahati mbaya moja inavutwa kwa umeme na nyingine kwa dizeli, na kiungo cha kuzikutanisha hakijajengwa. Mwaka 1963 tulikuwa maskini kuliko leo, lakini behewa lilitoka Kigoma likafika Kasese.

Sisemi kwamba kila reli ya zamani ifufuliwe. Pengine wataalamu watapiga hesabu na kusema kwamba lori linatosha kati ya Voi na Moshi. Wakisema hivyo kwa hesabu ya pamoja, nitanyamaza. Ninachokataa ni kila nchi kupiga hesabu peke yake katika jambo ambalo faida yake iko kwa wote. Mawaziri wetu wa uchukuzi hukutana mara nyingi. Tunawaomba siku moja waweke mezani zile kilomita 150, waulize zina thamani gani zikihesabiwa kama katikati na si kama mwisho. Na hata wasipojenga kitu, waanze na ratiba moja na tiketi moja, ili abiria anayeshuka treni Moshi apate basi linalomsubiri kwenda kupanda treni Voi. Hilo halihitaji mkopo wa nje. Linahitaji watu wawili wapigiane simu.

Kwa msikilizaji wetu wa Himo, jibu la kuwapa watoto ni hili: treni ilizimwa mara moja kwa ugomvi wa wakubwa, na mara ya pili kwa sababu sote tulizoea kuishi bila hiyo. Waambie pia kwamba reli unayoiona imefunikwa na majani ililazwa na babu zao, na kwamba swali waliloliuliza ni zuri kuliko majibu mengi niliyoyasikia mikutanoni.